Walioiua Mashine ya Mvuke

Mashine ilipokufa, Bi Mkubwa aliletewa mahamri. Mahamri, mbaazi, birika la kahawa, na wanawake wa mitaa ya jirani waliokuja kumpa pole wamevaa mabuibui ya kutokea. Mimi nilikuwa nyuma, chumba cha kufulia, shingo na mkono wa kulia vimefungwa bendeji, nanuka marhamu kama duka la dawa. Waliochungulia kunitazama walikuwa wachache, na wote waliuliza swali moja: umeifanya nini mashine?

Hakuna aliyeuliza mashine imenifanya nini mimi.

Basi nitawasema walioiua. Majina siyataji, maana mtaa ni mdogo, kila mtu ni jamaa ya mwenzake, na nikimtaja mmoja nitanyimwa biriani za harusi mpaka nife. Lakini wenyewe watajijua. Mimi shule niliiacha darasa la sita, nyumbani walipoona mwosha vyombo ana faida kuliko mjua hesabu. Ila kuandika najua, na kusahau sijui.

Nyumba yetu ya uzazi iko Mji wa Kale, ndani ya kichochoro ambacho watu wawili wenye miavuli hawapishani bila ya mmoja kuomba radhi. Ni nyumba ya mawe ya zamani. Chini ndiko wanakozalia wanawake, juu anakaa mwenyewe, Bi Mkubwa, mjane wa daktari aliyeifungua. Marehemu alikuwa daktari kweli. Mjane si daktari, lakini amelala na daktari kitanda kimoja miaka mingi na anaamini udaktari unaambukiza.

Kazi yangu ilikuwa, na bado ni, kuosha mikasi, koleo na trei, kuvifunga kwa kitambaa, na kuvitia kwenye mashine ya mvuke ili kila kidudu kife kabla chombo hakijamgusa mzazi. Kwa asiyeijua: ni pipa la chuma lililolala ubavu, lina mlango mzito wenye gurudumu la kufungia. Ndani ya pipa mna tumbo la chuma cheupe kinachong'aa, wanachokiita stenlesi. Mvuke huingia humo, ukabanwa, ukapanda moto kuliko maji yanayotokota. Mlangoni umezunguka mpira mnene, na huo mpira ndio unaouzuia mvuke usimtokee mtu. Mtu mwenyewe ni mimi.

Siku ilipoletwa, Bi Mkubwa alimuuliza muuzaji jambo moja tu: itaishi muda gani? Muuzaji, bwana wa tai na kiatu cha kuchongoka, akatabasamu hadi magego yakaonekana. Alisema ikitunzwa itawazalisha hata wajukuu wa hao wanaozaliwa leo. Hapo Bi Mkubwa akainuka kwenda kuagiza sharubati. Yeye akiwa jikoni, bwana wa tai akaendelea na masharti: maji yawe yamechujwa, hayana chumvi, tumbo lipanguswe kwa kitambaa laini, mpira ubadilishwe kabla haujakakamaa, fundi aje kila mwaka. Waliosikia masharti tulikuwa mimi na ukuta. Kwa hivyo muuzaji namtia wa kwanza. Alijua masikio ya mnunuzi hufungika wapi, akaanza na wajukuu.

Wa pili ni metroni wetu, mtu wa Ribe, mlokole, mwanamke ambaye uchafu ukimwona hujiondokea wenyewe. Kila Jumamosi alilivaa tumbo la mashine kwa klorini na waya wa kusugulia masufuria. Nilimwambia maneno ya muuzaji kuhusu kitambaa laini. Akanijibu bila ya kugeuka, "Wataka ling'ae au wataka hadithi?" Liling'aa. Kila alipolisugua liling'aa, na kila lilipong'aa lilikuwa limekwaruzika zaidi.

Wa tatu ni mpwa wa Bi Mkubwa, aliyepewa kazi ya kutuletea maji yaliyochujwa. Kila wiki alileta mitungi, na kila wiki mkokoteni ulioileta ulikuwa ule ule wa jamaa anayeteka kisimani nyuma ya nyumba. Maji ya visima vya kisiwani kwetu tunayajua sote: ukiyanywa yanakuongezea kiu. Tumbo likaota ukoko mweupe kama kinywa cha mtafuna tambuu aliyezidisha chokaa. Nilipomwonyesha mpwa, alisema huo ni ubora wa maji unaojionyesha.

Lakini hawa watatu peke yao wasingeimaliza mashine upesi vile. Waliomalizia walikuwa wengi, na walikuja wananukia.

Aliyefungua mlango huo alikuwa mama mkwe wa mzazi mmoja, mtu wa nyumba kubwa, wa wale wasiopiga hodi. Yeye hukohoa tu nje, mlango ukafunguka. Ulikuwa wakati ule wa barakoa, kila mtu anaogopa mkono wa mwenzake. Alileta leso mpya, kanga za kumviringishia mjukuu, amezinunua Biashara Street, akataka ziingie kwenye mashine kama inavyoingia mikasi. Metroni alisita. Bi Mkubwa akasema, "Tia." Nikatia.

Mtoto yule hakutoka hata kipele. Asingetoka kipele hata angeviringishwa gunia, maana babake ana ngozi ya ngoma. Lakini sifa zilikwenda kwa mashine. Kabla msimu wa mvua haujesha, hapakuwa na mtoto wa heshima Mji wa Kale aliyefungwa leso ambayo haikupita kwa mvuke. Wanawake waliozalia hospitali kubwa walituma makapu. Wakwe wakaulizana kwenye harusi, zako zilipitishwa au hazikupitishwa? Aliyejibu hazikupitishwa alisogezewa kiti mbali kidogo. Mmoja alileta pazia. Bi Mkubwa akawa anapita ukumbini kama mtu aliyeuvumbua mvuke yeye.

Sasa, leso mpya haivaliwi siku inaponunuliwa. Sote twajua. Hurowekwa maji ya chumvi, chumvi ya mawe kwa wanaojiheshimu, ili rangi ishike isichuje. Ikishakauka hufukizwa udi. Kwa hivyo kila leso iliyonijia ilikuwa na chumvi ndani ya nyuzi na moshi juu yake. Nani hakujua? Paka wa kichochoro chetu alijua. Lakini chumvi ya leso hapana aliyeihesabu kuwa ni chumvi. Chumvi ni ile ya mchuzi. Ya leso ni mambo ya nyanya zetu, na nani atakayemshuku nyanya yake?

Tumbo likaanza kuota madoa ya rangi ya chai. Kisha vikaja vitundu, vidogo, kama mtu amekaa kulidonoa kwa sindano. Pale mpira unapokalia, chuma kililika kikawa kama ukingo wa biskuti uliopitiwa na panya. Mashine ikaanza kupiga mluzi. Nilimwita Bi Mkubwa ashuke asikie. Akashuka, akavaa miwani, akasikiliza.

"Hata mimi napiga mluzi nikipanda ngazi," akasema, akapanda zake.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, siku yetu ya leso nyingi, kwa kuwa wengi hupenda mzazi arudi nyumbani Ijumaa. Nilifunga mlango, nikazungusha gurudumu mpaka likagoma, nikageuka kuchukua trei. Mluzi niliusikia, kisha ukakatika. Mvuke ukikupata haupigi kelele. Kelele ni zako. Ulitoka ukingoni mwa mlango mwembamba kama upanga, ukanichukua kutoka kiwiko mpaka chini ya sikio. Metroni alinikokota akaniweka chini ya bomba akanishikilia hapo, mimi nikipigana naye, hata maji yakaanza kuwa baridi kweli. Daktari baadaye alisema hilo ndilo lililoiokoa ngozi yangu, ile iliyookoka. Nalo naliandika, nisije nikaambiwa nina choyo.

Bi Mkubwa alitokea juu ya ngazi. Neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Leso zimepona?"

Kufika Ijumaa, mtaa mzima ulikwisha jua kwamba sikuufunga mlango sawasawa. Mahamri yalipokuwa yakiliwa kule ukumbini, mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta wetu wa kufulia una dirisha. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wageni wake, kwa sauti ya huruma, kwamba mawazo yangu yako kwengine tangu nilipoachwa. Niliachwa zamani, wakati mashine hiyo bado ni madini ardhini. Na nikamsikia akisema amekwisha zungumza na mwanamke mwengine, mtulivu, mwenye mume wake, aje ajaribiwe.

Hapo ndipo nilipojua nimekaa wapi. Fundi alikuwa anakuja Jumatatu. Akisema ni mkono wangu, Jumatatu hiyo hiyo natoka. Nyumba za uzazi za kisiwani zajuana kama wake wenza. Hakuna ambayo ingemchukua mtu aliyeunguza mashine. Mwanamke wa umri wangu, wa darasa la sita, mwenye shingo ya kutishia watoto, aende wapi? Akakaange viazi vya karai barabarani? Mbele ya moto tena?

Jumatatu akaja mwanamke wa buibui, mkoba begani. Bi Mkubwa akampokea kwa salamu ndefu, ya hali, ya wazee, ya nyumbani mtaa wa Buxton anakokaa, kisha akamuuliza kama ametangulia na fundi anafuata.

"Fundi ndiye mimi, Bi Mkubwa."

Akavua buibui, ndani ana ovaroli. Ni mjuzi wa mitambo huyu, kazi ameisomea shule mpaka ikamchoka, na waliotuuzia mashine ndio waliomtuma. Alichukua tochi, akaingiza kichwa tumboni, akakaa humo muda mrefu hata metroni akaanza kumwombea. Alipotoka alipitisha kidole ukingoni mwa mlango, taratibu, kama anayetafuta mwiba. Akaniambia nimwonyeshe ninavyofunga. Nikafunga kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Akalijaribu gurudumu mwenyewe. Mimi nilisimama kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani anayengoja bakora.

Kisha akauliza, humu mnatia nini?

Metroni akasema vifaa. Bi Mkubwa akasema vifaa tu. Halafu wote wawili wakanitazama, macho ya watu waliokwisha jibu kwa niaba yangu.

Juu ya meza, limefunikwa kawa, palikuwa na kapu. Binti yake Bi Mkubwa alikuwa amejifungua wiki ile, na leso za mjukuu wake mwenyewe zilikuwa zinangoja mashine ifufuke. Nilitazama kapu. Nikalitazama kwa utulivu wote niliojaliwa, mpaka fundi naye akalitazama.

Akafunua kawa. Akatoa leso, akainusa, akatabasamu kwa udi. Kisha, Mungu shahidi yangu, akatia ncha yake mdomoni. Akaionja kama mke wa nyumba anayeonja mchuzi, macho kayafumba, ulimi ukizunguka. Metroni akalitaja jina la Yesu.

"Bi Mkubwa," akasema fundi, "leso hii imekolea."

Nilicheka. Ngozi ya shingo ilinivuta nikatokwa na machozi, lakini nilicheka.

Aliyoeleza baadaye nayasema kama nilivyoyaelewa. Chuma kile cheupe kinavumilia mengi, ila chumvi hakipatani nayo, na chumvi ikipata moto na maji hukitoboa kitundu kitundu kutoka ndani. Klorini ya metroni ni dada yake chumvi. Maji ya kisima ni shangazi yao. Na moshi wa udi ukayeyuka ukaenda kuugandisha mpira. Kwa hivyo familia nzima ilihamia mle tumboni, nasi tukiikaribisha kila Alhamisi. Pale mpira unapokaa hapakuwa na pa kukaa tena. Mlango, alisema, ulifungwa sawa, na hata angeufunga yeye ungemtokea yeye.

Alisema hivyo mbele ya metroni. Nilimtazama metroni kuhakikisha amesikia, maana metroni ni mtu wa kanisa na huwa hasemi uongo, ila kusahau hujisahaulisha.

Nikamuuliza fundi, basi mashine kama hizi huishi miaka mingapi?

"Hazifi kwa umri, mama," akanijibu. "Hufa kwa malezi. Kuna moja naijua ni mkubwa wangu, na yafanya kazi mpaka leo. Kupata moto na kupoa, kutanuka na kunywea, hayo huichosha, lakini huichosha polepole kama sisi. Hii yenu haikuchoka. Hii mliilisha."

Bi Mkubwa alikuwa anajipepea kwa kawa lile lile. Nilidhani ameshindwa. Simjui mtu huyu, nawaambia. Nimemfanyia kazi nusu ya maisha yangu na bado simjui.

"Mwanangu," akasema, "leso zatiwa chumvi tangu nyanya ya nyanya yangu. Mashine imekuja juzi. Sasa wa kumzowea mwenziwe ni nani?"

"Chuma hakina adabu hiyo, Bi Mkubwa," akasema fundi, akavaa buibui lake, akanywa kahawa kwa heshima, akaenda zake.

Tukabaki na tatizo. Bi Mkubwa hakuweza kusema ni mimi, kwa kuwa metroni alisikia. Hakuweza kusema ni leso, kwa kuwa angekuwa amezituhumu nyumba zote anazokula nazo, na ya binti yake ikiwamo. Klorini ni ya metroni na metroni hapatikani mwengine. Maji ni ya mpwa, na mpwa ni damu. Alikaa juu tangu adhuhuri. Ilipoadhiniwa alasiri, alikuwa amempata muuaji.

Jicho.

Mashine ilikuwa inasifiwa mno, alisema. Imeonewa husuda. Na wako watu, hatawataja, wenye nyumba yao ya uzazi upande wa pili wa mji, ambao macho yao tangu zamani si mazuri. Habari ikateremka ngazi, ikatoka kichochoroni, ikapokewa kila mlango kwa shukrani. Nimeona watu wakipokea habari ya mzigo kuwasili kutoka ng'ambo hawafurahi vile. Wote wakawa safi: muuzaji safi, metroni safi, mpwa safi, leso safi na chumvi yake. Hata mimi nikawa safi, kwa bahati mbaya, pamoja nao. Yule mwanamke mtulivu mwenye mume wake akaambiwa asije tena. Kuombwa radhi sikuombwa. Bi Mkubwa aliniita tu akaniambia nimshukuru Mungu, jicho lilikuja kwa mashine likanikwaruza mimi kidogo.

Kidogo. Mkono wangu haunyooki vizuri asubuhi mpaka niuchue.

Mashine mpya imekuja. Kabla haijatiwa umeme ilizungushiwa chetezo cha udi, na kwenye gurudumu imefungwa hirizi ya uzi mweusi, ambayo mimi huivua kila nikifunga na kuirudisha nikimaliza. Bwana wa tai alikuja mwenyewe. Bi Mkubwa akauliza itaishi muda gani, bwana akasema wajukuu, Bi Mkubwa akaenda kuagiza sharubati. Alhamisi ya kwanza makapu yalikuwa mlangoni kabla sijafungua.

Sikubishana. Leso nazipokea, natabasamu, naenda nazo nyuma. Huko nazisuuza kwa maji matamu ya bomba, na bomba likikauka nayanunua ya chupa, sisuuzi kwa ya mpwa. Nasuuza, nakamua, naonja maji. Yakiwa na ladha, nasuuza tena. Metroni alinikuta siku moja nimejaza kiganja naonja. Alisimama, akatazama, akapita. Jumamosi yake nikaona waya wa masufuria haupo, na kwenye ndoano yake limetundikwa taulo la zamani, laini.

Ila leso mpya ukiitoa chumvi yake yote, nayo ina kisasi. Nyekundu inaingia nyeupe, nyeusi inajipakaza inapotaka. Nilijua siku itakuja, na ikaja. Akakohoa nje yule yule mama mkwe wa nyumba kubwa, mlango ukafunguka. Mjukuu wa pili, leso za pili, na zilizokuwa nyeupe kwa nyekundu zilikuwa zimegeuka rangi ya ufizi.

Niliitwa juu. Wameketi wawili, leso imetandazwa katikati yao kama maiti. Bi Mkubwa akaniuliza, mbele ya mgeni, kwa ile sauti yake ya kule ukumbini, ni nani aliyeifanya hivi leso ya watu.

Kulikuwa na joto. Nililegeza mtandio ukanishuka begani, shingo ikawa wazi, yote.

"Ni jicho, Bi Mkubwa," nikasema.

Alinitazama shingo. Kisha akanitazama mimi. Mgeni wake alikuwa anangoja, kidole kiko juu ya doa. Hatimaye Bi Mkubwa akamgeukia, akamwambia watu wa siku hizi wana macho makali mno, hata vitoto havipumziki, na akaagiza kahawa.

Nikashuka. Leso za kapu jengine zilikuwa bado ndani ya beseni. Nikaonja maji. Yalikuwa bado yamekolea.